Randa Namba Saba

Lagu alikuwa seremala kabla hajawa mwalimu, na walimu wenzake hawakumwacha asahau hilo. Ukimbizini Uganda alitengeneza vitanda miaka kumi na tano. Amani ilipotiwa sahihi akauza vifaa vyake apate nauli, akarudi Juba mikono mitupu, akapewa somo la useremala katika shule moja ya serikali kule Gudele. Somo hilo walipangiwa watoto walioshindwa hesabu. Atakayeshindwa na useremala pia, walimu walitania, atagombea ubunge.

Vifaa shuleni vilikuwapo, tena vipya. Wafadhili walileta sanduku zima: misumeno, nyundo, patasi, randa. Mkuu wa shule, Cirillo, ambaye wote walimwita Mudir, aliviandika namba kwa rangi nyeupe, akavitundika ukutani nyuma ya kiti chake. Mali ya serikali, alisema, haichezewi na watoto. Wageni walipiga picha mbele ya ukuta ule, wakaondoka wameridhika kwamba elimu ya ufundi inasonga mbele.

Basi Lagu alifundisha useremala kwa chaki. Alichora randa ubaoni, wanafunzi wakaichora madaftarini, wakakariri sehemu zake kama wanaosali rozari. Mtihani ulipofika, darasa zima likapita alama themanini. Mudir akampongeza, na Lagu akaona haya hata akashindwa kumtazama usoni.

Aibu yenyewe ilimkuta katika mtaa wa Custom. Elkana, Mkenya mwenye karakana ya samani, alitafuta kijana wa kujifunza kazi. Lagu akampelekea Victoria, msichana wa kwanza darasani. Alipopewa randa akaishika kichwa chini, akazitaja sehemu zake zote kwa ufasaha, asijue aanzie wapi.

"Mwalimu," Elkana alisema, "huyu msichana ni mkali, lakini mbao haisikii hotuba. Rudi naye baada ya mwezi. Akishindwa, naita kijana kutoka nyumbani."

Lagu akaenda kwa Mudir kuomba randa moja tu. Akaambiwa aandike barua. Akaandika, akajibiwa kwamba inashughulikiwa, na wa kuishughulikia ni Mudir yuleyule. Wiki tatu zikayoyoma.

Asubuhi moja, wakaguzi wa wizara wakitarajiwa saa nne, Mudir alijifungia ofisini afunge tai kwa utulivu. Alipotaka kutoka, ufunguo ukakatikia kitasani. Dirisha lilikuwa na nondo. Mwalimu wa Kiingereza akashauri subira, wa dini akashauri maombi, kisha mtu akakumbuka kwamba shule ina seremala.

Lagu akautazama mlango. Bawaba zote tatu zilikuwa upande wa nje. Kazi ya jiwe na msumari mnene. Akaenda dirishani.

"Mudir, hii mlango iko ngumu. Mimi nataka vifaa."

"Gani?"

"Yote."

Mudir alitaka kubisha, lakini saa ilikaribia nne. Akaanza kuvipitisha kati ya nondo, kimoja kimoja. Hata alipokwama hakusahau utaratibu: kila kifaa kilifuatana na daftari, Lagu akatia sahihi, na yeye akatia. Randa namba saba ilikwama, ikabidi igeuzwe ubavu. Kila kilichotoka Lagu alimpa Victoria, naye akakikimbiza darasani.

Ukuta ulipobaki na misumari mitupu, Lagu akaokota jiwe uani, akatafuta msumari, akazigonga pini tatu za bawaba. Dakika tano hazikuisha, mlango ukang'oka.

Mudir akatoka akifuta jasho. Akaliona lile jiwe.

"Ya Lagu," akaita kwa Kiarabu cha Juba, "na vifaa?"

"Iko darasani, Mudir. Wewe ulisaini yote."

Wakaguzi waliingia saa nne na nusu. Mudir hakuwa na ukuta wa kuwaonyesha, ikabidi awapeleke darasani. Mle Victoria alikuwa ameinamia ubao, maranda ya mbao yakimwangukia miguuni. Mkaguzi mmoja akausifu mpango huo. Mudir akashukuru, akasema ameufikiria kwa muda mrefu.

Lagu alifurahi mno hata hakuwa na nafasi ya kukasirika, na siku zilizobaki katika mwezi wa Elkana zilikuwa saba.

Siku ya saba, kule Custom, Elkana hakuuliza sehemu za randa. Aliokota ukanda mmoja mwembamba wa maranda uliodondoka chini ya mikono ya Victoria, akaunyoosha kwenye mwanga wa mlangoni, akautazama. Kisha akamwonyesha msichana msumari wa kutundikia mfuko wake kila asubuhi.