Mkono Mmoja wa Nyeupe

Walimwita Mama Msasa kwa sababu viganja vyake vilikuwa mikwaruzo mitupu. Enzi hizo nchi ilikuwa changa, wachoraji wake wanahesabika kwa vidole, na wawili kati yao walijibana kwenye banda nyuma ya duka la baiskeli. Mmoja, Kimya, alikuwa mumewe. Mwingine alikuwa rafiki yao Ngongoti, mtu mrefu aliyeingia bandani kwa kuinama. Mama Msasa mwenyewe hakuchora hata kuku. Alisugua mbao, akazipaka rangi nyeupe mikono miwili, wa pili juu ya wa kwanza ukishakauka, akazianika, na akawafokea mabwana hao kila walipochovya brashi kwenye chai yake.

Mbao zilikuwa adimu, hivyo banda lilikuwa na sheria: picha ikikaa miezi mitatu bila kupata mnunuzi, inapakwa nyeupe, ubao unaanza maisha upya. Picha nzuri zilikwenda na maji namna hiyo, na hakuna aliyenuna.

Kisha Kimya akafa kwa homa. Picha yake moja tu, ya mwisho, ndiyo iliyobaki ukutani: mkewe, ameshika fungu la brashi. Wiki tatu tu zilipita, Mama Msasa akashindwa kuvumilia kuitazama. Hakungoja miezi mitatu. Aliipaka nyeupe huku analia, mkono mmoja tu, akauacha ubao ukauke. Juu yake Ngongoti akachora picha ya umati iliyompa jina nchi nzima, ikaingia hadi kwenye vitabu vya shule.

Miaka hamsini baadaye, makumbusho yalikuwa yakijiandaa kufungua chumba cha wachoraji wa kwanza. Msimamizi, kijana mwenye adabu zake, alimjia Mama Msasa nyumbani.

"Bibi, tunatafuta kazi ya mzee, hata moja. Bila picha siwezi kuliweka jina lake ukutani."

Bibi akasema atatafuta. Atafute nini, naye ndiye aliyeizika? Kumrudisha mumewe ni kukwangua picha ya Ngongoti. Kunyamaza ni kumfuta marehemu mara ya pili. Chakula kilimshinda siku mbili, ya tatu akajifunga kitambaa akaenda kwa Ngongoti, ambaye sasa uzee ulikuwa umempinda kama mpini wa mwavuli.

"Shemeji, nimekuja kuungama," alisema, akamwaga yote.

Ngongoti alizungusha kikombe chake. "Kwani unadhani sikujua? Ulipaka mkono mmoja. Nyeupe ilipokauka, ukaonekana chini yake: macho, bega, na brashi zako mkononi. Siku mbili sikuthubutu kugusa ubao. Halafu nikafuata mistari yake. Yule mwanamke wa katikati anayesifiwa na kila mtu, shemeji, si wangu. Mimi nilimzungushia watu tu."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Sifa ni tamu. Kila mwaka nilisema mwakani."

Mama Msasa alikasirika, wala hakuficha. Alimwita mwizi, na Ngongoti akaitikia kwa kichwa. Alipomaliza kumsema, akauliza, "Na lile fungu mkononi? Wasomi si wameandika kwamba ni umoja wa taifa?"

"Wameandika."

"Zilikuwa brashi chafu! Ulikataa kuziosha wewe!"

Walicheka hadi mzee akakohoa. Kisha akaomba simu, akampigia msimamizi mwenyewe. "Picha yangu ya umati, mwanangu, iandikwe majina mawili, langu na la Kimya," alisema. "Lake litangulie."

Siku ya ufunguzi Mama Msasa alisoma jina la mumewe ukutani, mara tatu, kidole kikifuata herufi. Halafu akamtazama yule mwanamke wa katikati, kijana bado, brashi mkononi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Shemeji," alimwambia Ngongoti aliyesimama kando yake, "siku ile ningetulia nikapaka mikono miwili kama kawaida yangu, ningekuwa nimemmaliza mume wangu."