Transfoma ya Njia Panda

Nyumba yetu ya Chamazi ilinuka saruji mbichi miezi yote ya mwanzo, na jioni ulisikia nyenje tu na upepo kwenye mabati. Tulihamia pale nikiwa darasa la nne, tukitokea chumba cha kupanga Temeke, nyumba yenye wapangaji wengi hadi foleni ya bafuni ilikuwa na vichekesho vyake. Watu wazima walisema tumepiga hatua, tumejenga. Mimi niliona tumefukuzwa. Baba alifanya kazi mgodini Geita, akija sikukuu kwa sikukuu. Mama alikuwa karani mjini na alirudi giza limeshaingia. Nikitoka shule nilikaa barazani, ufunguo shingoni, nikiongea na kuku. Kuku hawajibu, na hata wangejibu hawana umbea.

Rafiki yangu Zuhura alibaki Temeke. Tulikubaliana aje akae kwetu likizo nzima ya Desemba, nami niliisubiri likizo ile kama mgonjwa anavyosubiri ruhusa ya kutoka wodini. Kikwazo kilikuwa mama yake. Mama alipompigia simu kumwombea ruhusa, sauti ilisikika hadi nilipokaa. “Mama Neema, mie mwanangu simleti huko porini. Giza lote lile, nyoka akipita atamwona na nini? Wekeni taa nje kwanza, halafu tutaongea.”

Mama akajibana, Jumamosi moja tukaenda Mbagala kununua taa za bustani, zile fupi za kuchomeka ardhini. Muuzaji alizifunga kwenye gazeti akasema, “Ila sista, hizi zinataka transfoma.” Mama akamjibu bila wasiwasi, “Transfoma tunayo, kaka. Mpya kabisa, juzi tu wameiweka pale njia panda.” Muuzaji alicheka, nadhani alidhani anataniwa, akatupa chenji. Simlaumu mama. Kwetu transfoma ilikuwa moja tu duniani, lile dude la chuma juu ya nguzo ambalo likilipuka mtaa mzima unapiga yowe. Nani angejua kuna transfoma ya kubeba mkononi?

Mjomba Elia, mdogo wake mama, alikuwa fundi rangi, lakini alijiamini kwa kila kitu. Alizika waya kutoka barazani hadi getini, akaziunganisha taa zote moja kwa moja na umeme wa ndani, akatuita tuje kupiga makofi. Mama akabonyeza swichi. Ulitoka mwanga mweupe mkali, pa! Kisha ikaja harufu ya plastiki iliyoungua, na giza likarudi zito kuliko mwanzo. “Dada, taa feki hizi,” mjomba akasema. Niliingia ndani nikalia, maana nilijua kilichoungua ni likizo yangu.

Kesho yake mama aliokota balbu moja, akavaa miwani, akaona maandishi madogo pembeni: volti 12. Umeme wa nyumbani ni volti 230. “Elia, tumemimina pipa kwenye kikombe,” akasema, akacheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Ilibidi tungoje hadi mwisho wa mwezi ndipo turudi Mbagala kununua taa nyingine, na safari hii muuzaji alituelewesha taratibu. Ile ya nguzoni inaushusha umeme wa mtaa, lakini ukifika kwako bado ni mkali kwa taa hizi; inatakiwa nyingine ndogo iushushe tena. Upande mmoja uingie 230, mwingine utoke 12, wala usigeuze. Jumlisha wati za taa zote, uchukue transfoma inayozidi kidogo. Na waya uwe mnene, maana waya mwembamba ukienda mbali, taa ya mwisho itasinzia. Mjomba alisikiliza kama mwanafunzi mpya.

Mjomba aliunganisha upya, transfoma ndogo ikiwa katikati, na taa ziliwaka. Njia yote hadi getini ikawa ya manjano, hata kokoto zilionekana. Nilimpokonya mama simu, nikampigia mama yake Zuhura. “Shikamoo mama, taa zimewaka!”

Mama yake Zuhura aliitikia. “Marahaba, mwanangu. Zuhura tumempeleka Tanga kwa bibi yake, wiki iliyopita. Atasoma huko huko.”

Nilisema asante, sijui kwa lipi. Mama alitaka kuzima, nikamwomba aziache. Nilikaa getini peke yangu, naonekana vizuri kabisa, na hapakuwa na wa kuniona. Upweke wa jioni ile sijaupata tena kwa ukali huo, na Zuhura sikumwona tena.

Leo Chamazi imejaa, kuta zimegusana. Mimi nimejenga Mbezi, nako kila geti lina taa, tena za siku hizi hazitaki transfoma wala mjomba. Unaunganisha tu, zinawaka. Juzi binti yangu aliniuliza, “Mama, yule mtoto wa ng'ambo ya ukuta anaitwa nani? Namsikiaga anacheka.” Sikujua jina lake, wala la wazazi wake, na tumekaa pale miaka. Nilitafuta sababu ya kumpa mtoto, nikaikosa. Mama yake Zuhura alikuwa na giza la kusingizia. Mimi sina.