Jumapili za kaka yangu kwenye mashine ya mpunga Chimala: tulivyothibitisha overtime bila karatasi

Wakuu, habari za huko mliko.

Humu huwa nasoma tu na kupita. Ila jana mtu ameuliza kama overtime isiyo na karatasi inadaika, nikaona nisinyamaze. Haya yametukuta sisi wenyewe, sijaongeza chumvi. Majina tu nimebadilisha.

Kaka yangu, nimwite Asajile, alikuwa opereta wa mashine ya kukoboa mpunga pale Chimala. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Iringa, na binti yake anayesoma chuo anakaa kwangu.

Kaka ni mpole mno. Mashine ikigoma anaibembeleza kama mgonjwa mpaka iwake.

Msimu ulipoisha bosi akamwambia mkataba umekwisha, kwaheri. Jumapili zote alizofanya kazi hakulipwa. Likizo hakuwahi kwenda, nayo hakulipwa. Na ada ya binti alikuwa ameitegemea humo humo.

Nikamwambia, "Kaka, twende tukafungue madai mapema. Haya mambo yana muda wake, ukichelewa hawakupokei."

Tukaenda Mbeya mjini, kwenye tume ya migogoro ya kazi. Kwenye usuluhishi bosi akakana kabisa: "Jumapili mashine yangu haiwaki. Mimi mwenyewe nasali!" Hatukuelewana, shauri likaenda kusikilizwa na mwamuzi.

Hapa naomba nieleze taratibu, maana ndipo wengi tunapokwama.

Sheria inasema saa za ziada zinalipwa zaidi, na siku ya mapumziko malipo ni mara mbili. Lakini kusema tu "nilifanya" hakutoshi. Wewe unayedai ndiye unayetakiwa kuonyesha ulifanya lini, na kwamba bosi alijua.

Bosi alileta daftari la mahudhurio: Jumatatu hadi Jumamosi, basi. Sisi hatukuwa na kitu mkononi.

Nikajiuliza, Jumapili nani alikuwa anamwona kaka? Wateja!

Kule bonde la Usangu, iliko Chimala, wakulima wa mbali wanafika Jumamosi na mpunga wao, wanalala juu ya magunia, wanakoboa Jumapili ili Jumatatu asubuhi mchele uwe sokoni. Na mpunga ukikobolewa siku ambayo si ya kazi, ni desturi kumpimia opereta sado moja ya mchele, kile kindoo kidogo cha kupimia sokoni, kama ahsante.

Kaka mwanzo alitaka kudai Jumapili zote za mwaka. Nikamuuliza, "Na ile ya kipaimara cha mwanao mdogo, ulikuwa mashineni?"

Akacheka. "Aa, mdogo wangu, hiyo toa."

Tukatoa. Tukabaki na zile za msimu wa mavuno, ambazo watu walimwona.

Shahidi wetu mkuu alikuwa Mzee Masanja, mkulima na mfugaji aliyehamia Usangu kutoka Shinyanga. Mlangoni akaambiwa aache fimbo nje. Akasema, "Hata yenyewe ni shahidi, ilikuwepo!" Watu wakacheka, akaiacha.

Akaeleza vizuri sana. Kisha bosi akapewa nafasi ya kumuuliza.

"Mzee, opereta ulimpa nini hizo Jumapili?"

"Sado ya mchele! Kila mara! Mimi si mchoyo."

Bosi akatabasamu. "Mheshimiwa, umesikia. Alikuwa anafanya biashara yake kwa mashine yangu, na malipo yake alishachukua."

Wakuu, pale niliona kesi imekwenda. Kaka akainamisha kichwa. Mzee wa watu alidhani anamsifia!

Mwamuzi, mama mmoja mtulivu, akauliza, "Mzee, na hela ya kukobolea ulimpa nani?"

Mzee Masanja akamshangaa, akamnyooshea bosi kidole. "Nimpe nani tena, mama? Si huyu hapa! Alikaa kwenye mizani na mfuko wa hela mapajani. Tena alikataa kunipunguzia hata mia!"

"Na ule mchele?"

"Ule ni shukrani. Mtu ameacha ibada kwa ajili ya mpunga wangu, nimwache mikono mitupu?"

Bosi akawa anatafuta kalamu ambayo alikuwa ameishika.

Uamuzi ulipotoka, Jumapili za mavuno zilikubaliwa. Likizo pia, kwa sababu bosi hakuweza kuonyesha kwamba aliwahi kumpa wala kumlipa. Saa za jioni za siku za kawaida tulizikosa. Hakuna aliyeweza kusema kaka alimaliza saa ngapi, na kusema kweli mwamuzi hakukosea.

Tulipomfikishia Mzee Masanja habari, cha kwanza aliuliza, "Mwanangu, kwani nilikuharibia?"

Kaka akamkumbatia. "Uliharibu kidogo, baba, halafu ukatengeneza."

Ada imelipwa, binti yuko darasani. Kaka amepata kazi kwenye mashine nyingine, na siku ya kwanza tu alimuuliza bosi mpya, "Na Jumapili tunafanyaje?" Wakaandikiana.

Nilichojifunza: dai unachoweza kukionyesha, hata kama ni kidogo kuliko ulichofanya. Na shahidi wako kaa naye kabla, akusimulie yote, hata yale anayoyaona ni sifa. Sisi hilo hatukulifanya, tukaokolewa na swali la mwamuzi.

Kama na wewe unafanya kazi siku ya mapumziko bila karatasi, usikate tamaa. Jiulize tu: nani ananiona nikiwa kazini? Andika hapa chini, tulitazame pamoja polepole.