Picha Mbili Kwenye Taa

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Hapana, tisini na sita, gugu maji lilipofunga ziwa, Mzee Amolo wa Usenge alipopeleka picha za kichwa cha bintiye Seline kwa daktari wa picha mjini Kisumu. Zilipigwa Nairobi kwa mashine ya sumaku, naye alizikunja ili zienee mfukoni. Daktari huyo alikuwa na mikono mipana ya mvuvi, lakini kila picha aliishika ukingoni tu, akiipuliza vumbi kwanza, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye kando ya mgonjwa aliyelala.

"Mzee, kichwa cha mtoto unakikunja kama shuka?"

"Nisamehe, daktari. Atapona?"

Daktari akaitundika picha moja kwenye taa ya kusomea, kando ya nyingine iliyokuwa tayari hapo. "Huu uvimbe wake umeshika dawa waliyomdunga, umewaka wote, na una mpaka. Umekaa juu ya ubongo, unatolewa. Sasa tazama wa huyu mwingine: umewaka pembeni tu, na mizizi imeingia ndani. Huo ndio mbaya."

Mzee Amolo alimshukuru Mungu kwa sauti, akapiga makofi. Kisha akamwona daktari akiirudisha ile ya pili kwenye bahasha isiyoandikwa jina, na bahasha kwenye mkoba wake mwenyewe.

"Na huyo, daktari," akauliza, "ni mtoto wa nani?"