Sidii Isiyouliza Swali

Watu walimwita Bisibisi kwa sababu chombo hicho hakikumtoka nyuma ya sikio, na safari moja alikwenda nacho hivyo hivyo mpaka msibani. Alitengeneza kompyuta katika chumba kilichopakana na duka la vitambaa. Alikuwa na mke, hawakujaliwa mtoto, na alikuwa na dada mmoja, mkubwa wake, ambaye macho yake yalizimika ukubwani.

Dada huyo alikuwa mpiga chapa. Aliletewa mikutano iliyorekodiwa, akaisikiliza na kuiandika neno kwa neno kwenye kompyuta kuukuu yenye programu ya kumsomea alichoandika. Sauti ya programu hiyo ilikuwa kavu, kama ya karani aliyekosa usingizi, lakini ndiyo iliyomweka kazini. Haikukubali kufanya kazi kwenye Windows mpya. Kila Bisibisi alipomshauri ahamie mashine ya kisasa, dada alimjibu kwamba nyumba ya kipofu haihamishwi samani ovyo.

Mwaka mmoja diski ya kompyuta ikafa. Bisibisi aliibeba mashine mpaka dukani kwake, akipumzika kila baada ya nyumba chache. Daktari alikwishamwambia kwamba moyo wake umechoka, na kwamba dawa zingemsogezea siku tu. Mkewe alilijua hilo. Dada hakuambiwa.

Angeweza kuweka diski nyingine, akapakia Windows ile ya zamani, akamaliza. Lakini alipokaa mbele ya mashine alijiuliza: na ikiharibika tena, mimi sipo? Mafundi wengi wangemwambia dada aitupe. Hapo akakata shauri kutengeneza sidii ya pekee, ambayo hata mtu asiyeona angeitumbukiza na kuiacha ifanye kazi mpaka mwisho.

Haikuwa rahisi. Mashine ile haikujua kuwaka kutoka kwenye fleshi, na sidii ya zamani ya Windows haikuitambua diski mpya aliyoweka. Ilidai hakuna diski kabisa. Alitafuta programu ndogo ya kuitambulisha diski hiyo, akaichanganya na mafaili ya Windows, akaongeza ile programu ya kusoma, na majibu ya kila swali ambalo Windows huuliza inapopakiwa. Akayachoma yote kwenye sidii. Kisha akazima skrini, akakaa kusikiliza kama dada yake atakavyosikiliza.

Feni ilivuma. Kimya kikarefuka mpaka akashuku. Alipowasha skrini alikuta kisanduku kidogo kikiuliza lugha ya kibodi, kikingoja kwa adabu. Dada angekaa pale mpaka jua lichwe. Akaandika jibu lililosahaulika, akachoma sidii nyingine. Ile nayo ilikwama, na iliyofuata pia. Mkewe alimletea dawa akamkuta amefumba macho mbele ya skrini nyeusi, akadhani yamekwisha.

Ilipokubali, aliirudisha mashine kwa dada. Kasha la sidii alilibandika kipande cha msasa, vidole visikosee, maana sidii ile ilifuta kila kitu bila kuuliza. Akamfundisha. Ukisikia mlio wa kwanza, gusa kitufe kirefu mara kadhaa. Ukisikia mlio mwingine, usiguse kitu. Kazi zako ziwe kwenye fleshi siku zote.

Dada alirudia maelekezo yote bila kukosea, kisha akalipapasa lile kasha.

"Mbona unanifundisha kazi yako?" akauliza.

Bisibisi alisema fundi naye husafiri.

"Mdogo wangu, nimepofuka macho, sijawa kiziwi. Nasikia unavyohema."

Bisibisi akamwambia alichosema daktari. Dada alimshika kifundo cha mkono, pale mshipa unapopiga.

Bisibisi hakuumaliza mwaka. Alizikwa asubuhi, na mkewe akahamia kwa wifi yake, kwa kuwa nyumba mbili za wapweke zilikuwa nyingi mno. Mjane hakulia, si makaburini wala baadaye. Watu walisema ana moyo mgumu.

Miezi ikapita. Adhuhuri moja umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, na kompyuta ikakataa kuzungumza. Mjane alitaka kuita fundi. Dada akamwomba akae tu kwenye kiti, asimwambie kilichoandikwa kwenye skrini. Akapapasa rafu, akapata msasa, akaitumbukiza sidii. Mlio. Akagusa kitufe. Mlio wa pili ulipokuja aliweka mikono mapajani.

Walingoja. Sufuria ilipoa jikoni. Mjane aliona maandishi yakipita, yakisimama na kupita tena, asiseme lolote. Hatimaye spika zikakwaruza, na ile sauti kavu ikasema kwamba kompyuta iko tayari.

"Wifi," mjane akasema, "haikuuliza hata swali moja."

"Aliyajibu yote."

Hapo mjane akalia, kilio cha mtu aliyekibana muda mrefu. Dada alisogeza kiti, akamlaza kichwa begani. Simu iliita; ni mteja aliyetaka maandishi ya mkutano wake. Dada akamjibu kwa upole kwamba leo hayatakuwa tayari, nyumbani kuna msiba.