Nani Aliifunga Ile Valvu

Pale Tarrow, Karolina ya Kaskazini, kila mtu wa kanisani kwa Ordelia Pettiford alijua kwamba mwaka wa mafuriko ni yeye aliyefanya mji usinywe tope. Waliokuwa na uwezo wa kumpa cheo tu ndio hawakujua.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa naibu mkurugenzi wa maji, na katika miaka hiyo alifundisha kazi wakurugenzi watatu, Wazungu watupu, kila mmoja akimkuta kwenye kiti cha unaibu na kumwacha papo hapo. Mara ya mwisho alipoomba nafasi ya mkurugenzi, aliambiwa kwamba wasaili hawakuona yeye mwenyewe amefanya nini.

Hakulia. Alijiunga na mafunzo ya uongozi ya wanawake weusi na wenzao wasio Wazungu, mwaka mzima, kila Ijumaa, wanawake kumi na wawili kuzunguka meza moja. Mlezi wake alikuwa Bi Vernell Toomer, aliyewahi kuongoza hospitali nzima. Walipofanya mazoezi ya usaili, Bi Vernell alishika kijiko na glasi.

"Mwaka wa mafuriko tulifunga valvu kuu ya kuingiza maji ya mto," Ordelia alianza.

Kijiko kikagonga glasi.

"Mlikuwa wangapi kwenye hiyo valvu, dada?"

"Mmoja."

"Na huyo mwenzako ni nani, Roho Mtakatifu?"

Meza nzima ikacheka. Ordelia hakucheka. Kwao neno "mimi" lilikuwa utovu wa adabu, kama kula barabarani. Mama yake, Bi Lucinda, mjane wa mchungaji na mwalimu mkuu mstaafu, alimlea kwa kauli moja: Pettiford hajisifu.

Jioni hiyo kijiko kiligonga mara kumi na tisa, kila aliposema "tuli" mahali pa "nili".

Jumapili, baada ya ibada, alimweleza mama yake habari ya kijiko, akingoja karipio. Bi Lucinda aliendelea kukata keki.

"Yule bosi wako alikuwa wapi siku ile?"

"Kwenye gofu, Mama. Alipiga simu akaniamuru niiache wazi."

"Nawe ukaifunga."

"Nikaifunga."

"Halafu unawaambia watu 'tulifunga'." Alikiweka kisu chini. "Nilikufundisha usijisifu. Sikukufundisha kutoa ushahidi wa uongo. Jina la baba yako silitoi kumsitiri mcheza gofu."

Siku ya usaili walikaa wasaili watano upande mmoja wa meza, na Ordelia upande wa pili akiwa amevaa lulu za mama yake. Mwenyekiti akafungua faili.

"Naona timu yenu ilifanya kazi nzuri wakati wa mafuriko."

"Timu ilifanya kazi nzuri wiki mbili baadaye, kusafisha," alisema Ordelia. "Siku yenyewe nilikuwa peke yangu. Niliamriwa niiache valvu wazi. Nilikataa, nikaifunga."

Mwenyekiti akakohoa. "Hayo ni maneno mazito, Ordelia."

"Ni Bi Pettiford. Na valvu ilikuwa nzito zaidi."

Mmoja wa wasaili aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mwenyekiti akauliza kama angeshirikiana vema na mkurugenzi mpya, iwapo wangemchagua mtu mwingine.

"Nimefundisha watatu," alisema. "Wa nne simfundishi. Mkimleta, mleteni akiwa anajua kazi."

Alitoka bila kusubiri wamsindikize mlangoni.

Ijumaa iliyofuata Bi Vernell alisikiliza habari yote huku kijiko kikiwa mezani, hakukigusa.

Barua ilifika siku tisa baadaye. Bi Lucinda alivaa miwani, akaisoma kwa sauti mbele ya picha ya marehemu mumewe: "Tumeamua kumteua Bi Ordelia Pettiford kuwa Mkurugenzi wa Maji."

"Wamesema 'tumeamua', Mama," Ordelia alimtania. "Tuwagongee kijiko?"

"Waache," alisema Bi Lucinda, akiikunja barua. "Wao walikuwa watano kweli."