Kocha wa Rafiki Yangu

Shule niliiacha darasa la nne na sijawahi kuona haya kulisema. Mashine ya kukoboa mpunga iliyo jirani na stendi hapa Ushirombo ni yangu. Nyumba ya matofali ya kuchoma iliyo nyuma yake ni yangu, nimeijenga kwa mikono hii. Benchi lililo mbele ya mashine nalo ni langu, ila hilo watu wamelifanya la serikali. Aliyeleta mpunga hulikalia akisubiri zamu, vijana wa bodaboda hulikalia wakisubiri abiria, na mama anayeuza chai na maandazi hakai kabisa, yeye hubishana akiwa wima, birika mkononi. Hapo ndipo tunapozungumza mpira.

Timu yetu ni moja ya zile za Dar es Salaam. Siitaji, maana sitaki mtu aache kusoma hapa kwa hasira. Kwa kuwa wote benchini ni wa timu hiyo hiyo, hatugombanii timu, tunagombania makocha. Yupi alijua kuongoza watu na yupi alivaa suti tu. Makocha wetu hawadumu. Unakwenda msibani Shinyanga, ukirudi unakuta wameleta mwingine. Lakini katika wote waliopita, wawili ndio waliotugawa, na kwenye mgawanyiko huo mimi niko huku na rafiki yangu yuko kule.

Kocha mkali ni wangu. Mchezaji akichelewa mazoezini alirudishwa nyumbani, hata awe nani. Pembeni ya uwanja alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kocha mpole ni wa rafiki yangu. Huyo alikaa amekunja mikono kama mtu aliyekwenda kujitambulisha ukweni.

"Kocha gani hasimami?" nilikuwa nikimwambia. "Timu inazama, yeye amekaa kama anangoja chakula."

"Asimame aende wapi? Anayecheza ni yeye?" Rafiki yangu alijibu polepole, ndivyo alivyo. "Wako alirukaruka pale kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, na bado tulifungwa."

"Tulifungwa na refa!"

"Kila mwaka refa, mzee," mama wa chai akadakia. "Huyo refa wako hafi?"

Kijana mmoja wa bodaboda yeye alikuwa wa kocha wa sasa. "Wazee wangu, shikamooni, lakini dunia imegeuka. Huyu wa sasa ana kompyuta. Anajua mchezaji amelala saa ngapi."

"Hata mimi najua wewe umelala saa ngapi," nikamwambia, "na kompyuta sina. Jicho lako hilo linatosha."

Rafiki yangu alikuwa na ushahidi mmoja tu, na aliutumia miaka yote. Ni ile mechi ambayo beki wetu mdogo, mtoto kabisa, alijifunga kipindi cha kwanza. Uwanja mzima ulipiga kelele atolewe. Kocha mpole hakumtoa, wala hakumfokea. Kipindi cha pili yule yule mtoto akapanda kwenye kona, akasawazisha kwa kichwa.

"Alimwacha," rafiki yangu alikuwa akisema, na anakunja mikono. "Alimwacha, mwenzangu. Wewe ungemtoa."

"Ningemtoa, na njiani ningemzaba kofi."

"Basi bao tusingelipata."

"Na la kujifunga tusingelifungwa, maana kwangu mtoto kama yule asingepangwa!"

Msomaji asidhani haya yalikuwa maneno ya mpira peke yake. Mimi na yeye tulikutana Rwamgasa tukiwa vijana, tukichimba dhahabu. Mimi nimetoka kwetu Usukumani upande wa Shinyanga, yeye ni Msumbwa wa hapa hapa. Tulipopata duara letu, yaani shimo letu wenyewe la kuchimba, tukawa wakubwa wa kundi. Siku moja mshika kamba, kijana mmoja mgeni, alisinzia. Kamba ikamponyoka, ndoo ya mawe ikashuka mpaka chini. Kwa bahati haikumpata mtu. Nilimwambia kijana afungashe vyake aondoke siku ile ile. Rafiki yangu akasema hapana. Akamwita yule yule kijana, akamwambia, "Shika kamba." Kisha akajifunga kiunoni, akashuka duarani kwa kamba iliyoshikwa na mikono ile ile.

Mimi nilimsimamia yule kijana nikimfokea kwa kila pumzi yake. Shika! Kaza! Tazama mikono yako! Rafiki yangu akafika chini salama, akapanda salama. Tangu siku hiyo yeye husema alipona kwa sababu alimwamini mtu, na mimi husema alipona kwa sababu nilipiga kelele. Hatujaafikiana mpaka leo. Tumezeeka na hilo.

Basi, mwaka huu, baada ya mavuno, kiharusi kikampiga. Alikaa hospitali, akarudishwa nyumbani. Upande wake wote wa kulia ulikuwa umelala, na mdomo hautoi neno, sauti tu. Daktari alisema kuna tumaini, mkono na mguu vinaweza kurudi kwa mazoezi, ila ale apate nguvu. Naye hakula. Aligeukia ukutani. Ukimpa uji anaubakiza mdomoni, kisha anauacha utiririke kwenye shavu.

Watu walikuja wengi. Wakaja wa kanisani, wakaja majirani, wakaja wachimbaji wa zamani. Wote waliingia kwa kunyata, wakasema pole kwa sauti ya chini, wakatazama miguu yao. Na mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilikaa kwenye kigoda kama mjinga, nikasema "pole, mwenzangu, Mungu yupo," nikaondoka. Sauti ile haikuwa yangu, na nadhani hata yeye alijiuliza ni nani yule.

Ndipo mke wake akanifuata mashineni. Mashine ilikuwa inanguruma, nikaizima. Mimi mashine siizimi kwa ajili ya mtu.

"Shemeji," akasema, "mwenzako anatuacha. Si ugonjwa, ni yeye mwenyewe anaondoka. Amekataa hata kijiko. Nenda kaseme naye."

"Niseme nini ambacho padre hajasema?"

"Wewe ndiye unajua mnachosemaga."

Nikaenda siku ile ile. Niliingia bila kunyata, nikavuta kigoda karibu na kitanda, nikasema kwa sauti yangu ya benchini, "Nimekuja kukwambia kocha wako mpole alituharibia timu."

Mke wake aliyekuwa anapeta maharage mlangoni akashtuka. "Shemeji! Mgonjwa huyo!"

Sikunyamaza. Nilimshambulia yule kocha kwa kila nilichokuwa nacho. Kwamba alikuwa mwoga, kwamba wachezaji walimpanda kichwani, kwamba upole wake ulikuwa usingizi. Rafiki yangu aliendelea kutazama ukuta. Nikaona chozi linashuka kwenye jicho la upande mzima. Nikanyamaza. Nilikuwa nampiga mtu aliyefungwa mikono. Niliaga, nikatoka, na njiani nilimjibu kwa ukali kila aliyenisalimia.

Benchini nilikuta watu wapo ila ubishi haupo. Kijana wa bodaboda alisema kocha wa sasa amekosea kupanga viungo, na hakuna aliyemjibu. Upande wa rafiki yangu haukuwa na mtu wa kuusemea. Mama wa chai akanimiminia kikombe akaniuliza hali ya mgonjwa. Nikamweleza yote, na chozi pia.

"Sasa wewe mzee, mtu hana ulimi, unakwenda kumshinda?" akasema. "Mtetee."

"Nimtetee kocha mpole? Mimi?"

"Nani mwingine anayajua maneno yake yote? Umeyasikia mpaka yamekutoboa masikio."

Nilimwambia chai yake ni ya maji matupu. Lakini usingizini nilikwenda na maneno yale.

Kesho yake alasiri nikarudi. Nikakaa kwenye kigoda kile kile, nikakohoa. Lile neno lilikuwa gumu kutoka kuliko jiwe la duarani. "Mwenzangu," nikasema, "nimefikiri. Kocha mpole alikuwa na akili."

Hakugeuka, ila niliona sikio limesikia. Maana aliacha kupumua kidogo.

Nikaanza kusimulia ile mechi yake, mtoto alivyojifunga, uwanja ulivyopiga kelele. Sasa mimi miaka yote nilikuwa naisikiliza hadithi ile ili niipinge, sikuisikiliza ili niikumbuke. Nikasema kona ilipigwa kutoka kulia. Rafiki yangu akatoa sauti kooni.

"Nini? Si kulia?"

Sauti tena. Kichwa kikasogea kwenye mto.

"Ilikuwa kushoto?"

Akanyamaza. Ilikuwa kushoto.

Kosa lile la kwanza lilikuwa la kweli, naapa. Lakini mimi sikutajirika kwa kuchelewa kuelewa mambo. Nikaomba ungo wa maharage kwa shemeji, naye akanipa huku akinitazama kama nimepatwa na wazimu. Nikauweka kitandani ubavuni mwake, nikasukuma maharage yote pembeni, nikabakiza kumi na moja katikati. "Huyu kipa. Hawa mabeki. Na huyu mdogo hapa ndiye mtoto aliyejifunga." Alikuwa amegeuza uso. Kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali nikayaona macho yake yote mawili.

"Sasa uzuri wa kocha mpole," nikasema, "ni kwamba mapumziko alimwita mtoto taratibu, akamkumbatia, akamwambia pole mwanangu, pumzika. Akamtoa." Nikalichukua lile haragwe dogo nikaliweka nje, juu ya shuka. "Kwa upole kabisa. Akaingiza mkubwa, mkubwa akasawazisha. Huo ndio uongozi."

Mkono wa kushoto ukainuka. Ukapapasa shuka, ukalikosa haragwe, ukarudi, ukalipata. Akalirudisha kwenye ungo.

"Hapana," nikasema, "alimtoa." Nikaliweka nje.

Akalirudisha. Safari hii kwa haraka.

"Bwana, mimi nilikuwepo kwenye redio! Alimtoa!"

Akanguruma. Sina neno lingine, alinguruma kama mashine yangu asubuhi ikigoma kuwaka. Akaupiga ungo kwa kiganja, maharage yakaruka kitanda kizima, mengine yakaingia kwenye shati langu. Alikuwa amenikodolea macho, kifua kinapanda na kushuka, uso umeiva kwa hasira. Msumbwa mpole! Miaka yote ile duarani na benchini sikuwahi kumwona amekasirika.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atanifukuza, kumbe ameziba mdomo kwa kanga na mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka.

"Umechoka," nikamwambia rafiki yangu. "Unataka kubisha na mimi, na nguvu huna. Mtu anayekula ugali huwezi kumshinda ukiwa na njaa. Kunywa kwanza, halafu unikosoe."

Nikachukua bakuli la uji lililokuwa limepoa. Nikampa kijiko cha kwanza. Alinitazama kwa muda, macho yake yakiniambia mambo ambayo kanisani hayasemwi. Kisha akameza. Nikampa cha pili, akameza. Mimi mkono wangu ni wa kushika sururu, si wa kulisha mtu, nikammwagia kidevuni, nikamfuta kwa leso yangu. Uji ulipoisha nilitazama nje dirishani kwanza, maana jicho langu lilikuwa limeingia vumbi la maharage.

Tukayaokota yale maharage, mimi na shemeji, nilipiga magoti chini na uzee wangu huu. Yeye kitandani alibaki na lile dogo kwenye kiganja, amelifumbata, hataki kulitoa.

Siku hizi kila alasiri nakwenda na uongo. Vijana wa benchini wananisaidia kuutengeneza. Kijana wa bodaboda ana kipaji, amenifundisha kusema kwamba kocha mpole alikuwa anatumia kompyuta kwa siri, na hilo lilimfanya mgonjwa atoe neno lake la kwanza, ambalo siwezi kuliandika. Mguu wa kulia bado ni mzito. Mkono wa kulia unafumba vidole viwili. Mama wa chai humtumia maandazi, naye mgonjwa anayachovya kwenye uji.

Jana nilipokuwa naaga, shemeji akanisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amejifunga kanga safi, amepata usingizi, unamwona tu.

"Shemeji," akasema, "huu uongo wa uji umetosha. Kesho napika ugali na samaki. Uje na uongo mkubwa."